Lesi ya Mafundo: Rangi Mbili Bila Doa

Mtu asiyejua tatingi akikabidhiwa ua la lesi lenye pete nyekundu na ukingo mweupe, hulitazama, hulisifu na kulirudisha. Fundi wa kazi hiyo hulisogeza karibu na macho. Hukagua pale uzi mweupe ulipoushika uzi mwekundu, kisha huligeuza akague na mgongo wake. Anatafuta doa lisilofika hata milimita moja, uzi mwekundu uliochungulia katikati ya mafundo meupe. Akilikuta upande wa mbele, ameshajua kwamba aliyelitengeneza alikuwa na haraka, au hajafundishwa jambo moja dogo linalotenganisha kazi safi na kazi ya kubahatisha.

Tatingi ni lesi ya mafundo matupu. Haina kitambaa chini yake, haina fremu, wala haihitaji mto wa pini na vijiti vingi vya uzi kama lesi maarufu za Ubelgiji. Inahitaji vidole, uzi na kifaa kidogo kiitwacho shato: vibao viwili vyembamba vyenye umbo la mtumbwi, vilivyoshikanishwa katikati kwa kigingi kifupi. Uzi huzungushwa kwenye kigingi hicho. Ncha za vibao hugusana, kwa hiyo uzi haujifungui wenyewe. Mpaka uvutwe, na kila ukipita kwenye ncha husikika tiki. Shato ya kawaida ni ya sentimita sita au saba. Inaingia mfukoni pamoja na uzi wake, na kazi inaweza kuachwa wakati wowote na kuendelezwa baadaye, kwenye foleni au ndani ya basi, bila kuharibika.

Wafumaji wa vitambaa vya makochi na meza, walio wengi Afrika Mashariki, wataona tofauti mara moja. Kulabu hujenga kitanzi ndani ya kitanzi, na aliyekosea huvuta uzi, mistari mitatu ikafumuka, akaanza upya. Tatingi haina msamaha huo. Fundo likishakazwa limekazwa. Kulifungua kunataka ncha ya sindano, mwanga mzuri na subira, na pete iliyokwisha kufungwa mara nyingi huishia kwenye mkasi. Ndiyo maana mahali pa kuunganisha rangi hupangwa mapema, kabla shato haijashikwa.

Fundo lenyewe wafugaji wanalijua. Ni lile la kamba inayozungushwa kwenye mti upande mmoja, ikarudi na kuzungushwa upande wa pili, ili mbuzi asitoroke. Lina nusu mbili, moja kinyume cha nyingine. Katika tatingi mti huo ni uzi mwingine, na hapa ndipo wanaoanza wanapokwama. Mkono wa kushoto hutandaza uzi juu ya vidole. Mkono wa kulia huipitisha shato chini ya uzi huo na kuirudisha juu yake. Kufikia hapo, uzi wa shato ndio uliouzunguka uzi wa mkononi. Sasa fundi hulegeza vidole vya kushoto na kuuvuta uzi wa shato mpaka unyooke kabisa. Fundo hupinduka: uzi wa shato unakuwa mti, na uzi wa mkononi unakuwa kamba inayouzunguka. Asipolipindua, fundo hujikaza palepale na halisogei tena. Akilipindua, mafundo yote huteleza juu ya uzi wa shato, na anaweza kuyasogeza yakakaribiana, au kuuvuta uzi huo yakajikunja kuwa pete.

Kupindua huko ni kitendo cha nusu sekunde, na pengine ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika kazi nzima. Mwanafunzi anaweza kushinda siku nzima hajakipata, kisha vidole vikakielewa ghafla na visikisahau tena. Njia ya kujipima ni rahisi: vuta uzi wa shato. Mafundo yakiteleza, umelipata, yakigoma, umelikosa.

Maumbo ya msingi ni mawili tu. Pete hutengenezwa kwa uzi wa shato peke yake: huzungushwa mkononi, mafundo hupangwa juu yake, kisha uzi huvutwa na duara likafungwa. Upinde unahitaji uzi wa pili, unaotoka kwenye donge au kwenye shato nyingine. Huo wa pili ndio unaotandazwa mkononi na kufunga mafundo juu ya uzi wa shato, nayo kazi hubaki imepinda bila kufungwa. Kati ya fundo na fundo fundi anaweza kuacha nafasi, na mafundo yakisukumwa pamoja nafasi hiyo huinuka kuwa kitanzi. Vitanzi hupamba, lakini kazi yake kubwa ni kushikanisha. Pete ya pili hushikwa kwenye kitanzi cha pete ya kwanza, ya tatu kwenye ya pili, hadi ua likamilike.

Kutokana na hayo sheria ya rangi hujitokeza yenyewe. Rangi inayoonekana ni ya uzi unaozunguka, na uzi uliomo ndani ya mafundo umefichika. Shato ikibeba uzi mwekundu na donge likiwa jeupe, pete zote zitatoka nyekundu na pinde zote nyeupe, hata fundi asipotumia ujanja wowote. Mpaka hapo mambo ni mepesi. Ugumu unaanza pale rangi moja inapotakiwa kuishika nyingine.

Kwa muda mrefu ugumu huo haukumsumbua mtu, kwa sababu lesi ilikuwa nyeupe.

Katika karne ya 18, wanawake wa majumba ya kifalme ya Ulaya walikuwa wakifunga vifundo mfululizo kwenye uzi kwa kutumia shato kubwa kuliko za leo, kisha uzi huo wenye vifundo ukashonelewa juu ya nguo na mapazia. Mwaka 1756 Jean-Marc Nattier alimchora Madame Adélaïde, binti wa mfalme Louis XV wa Ufaransa, akiwa katika kazi hiyo. Miaka michache baadaye Joshua Reynolds alimchora Countess wa Albemarle naye akiwa na shato mkononi, na picha hiyo iko National Gallery, London. Shato za watu hao zilikuwa vito vya kujionyesha navyo, za dhahabu, za fedha, za lulumizi, za gamba la ng'amba na za pembe za ndovu. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana haki ya kutua hapa kidogo. Katika karne ya 19, lesi ilipokuwa ikienea hadi kwenye nyumba za watu wa kawaida, Unguja ilikuwa mojawapo ya masoko makubwa ya pembe za ndovu duniani, na shehena zake zilikwenda Bombay, London na pwani ya mashariki ya Marekani kuchongwa vitana, vibao vya piano na vifaa vidogovidogo vya nyumbani. Pembe hizo zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, baadhi yao watumwa, baada ya mwendo wa miezi. Anayetazama shato ya pembe kwenye kabati la makumbusho ya Ulaya anapaswa kukumbuka upande huo wa habari pia.

Tatingi tunayoijua leo, ya pete na vitanzi, ilipata umbo lake katikati ya karne hiyo ya 19. Mwanzoni kila pete ilisimama peke yake, na vipande vilishonwa pamoja kwa sindano baada ya kazi kwisha. Mmoja wa waliobadilisha mambo ni Éléonore Riego de la Branchardière, mbunifu aliyeishi Uingereza na kuchapisha vitabu vingi vya kazi za mikono kuanzia miaka ya 1840. Lesi zake zilipata medali kwenye Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851. Alionyesha jinsi ya kuvishikanisha vitanzi kazi ikiwa bado inaendelea, akitumia sindano badala ya shato. Mwaka huohuo wa 1851 kilitoka London kijitabu kisicho na jina la mwandishi, kilichofundisha kuunganisha kwa shato yenyewe: kuuvuta uzi wa mkononi upite ndani ya kitanzi, kuipitisha shato katika kishimo kilichotokea, na kukaza. Njia hiyo haijabadilika mpaka leo. Upinde wenye uzi wa pili ulienea katika miaka ya 1860, na mwaka 1886 Thérèse de Dillmont, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi na kampuni ya nyuzi ya DMC, alichapisha kamusi yake kubwa ya kazi za sindano yenye sura nzima ya tatingi. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa lugha nyingi na kuiingiza kazi hii katika nyumba zisizohesabika.

Lesi nyingi za wakati huo zilikuwa za kola, mikono ya nguo, mavazi ya watoto na vitambaa vya meza, vitu vilivyochemshwa wakati wa kufuliwa. Rangi za nguo hazikuwa na uhakika wa kustahimili maji ya moto. Uzi mweupe ulistahimili, na ulisitiri mengi, maana uzi mweupe ukichungulia katikati ya mafundo meupe hakuna anayeuona.

Waturuki, kwa upande wao, hawakungoja. Kwao kuna mapambo ya pindo za mitandio yaitwayo oya, na aina inayotengenezwa kwa shato huitwa mekik oyası. Pindo hizo zina rangi tele, waridi, kijani, manjano, samawati, zikizunguka mtandio wote kama safu ya maua. Marekani nako, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, leso za mkononi zenye ukingo wa tatingi wa rangi zilikuwa zawadi ya kawaida. Anne Orr wa Nashville, Tennessee, aliyekuwa mhariri wa kazi za mikono wa jarida la Good Housekeeping kuanzia 1919 hadi 1940, alichapisha michoro mingi ya aina hiyo iliyofuatwa na wanawake wa miji na wa mashamba. Kemia nayo ilisaidia. John Mercer, mpiga chapa wa vitambaa huko Uingereza, aligundua mwaka 1844 kwamba uzi wa pamba ukitiwa katika maji ya magadi makali hupata nguvu na kuishika rangi vizuri zaidi, na mwishoni mwa karne Horace Lowe akaongeza kwamba ukivutwa wakati huo hupata na mng'aro. Nyuzi za pamba zinazong'aa zinazotumika leo kufumia ni matunda ya ugunduzi huo.

Rangi zilipokuja, na doa likaja.

Ili kulielewa inafaa kuangalia kitendo chenyewe polepole. Tuseme ua lina pete nyekundu, nasi tunaongeza mzunguko wa nje kwa uzi mweupe. Tumefika kwenye kitanzi chekundu. Njia ya kawaida, ile inayofundishwa kwanza, ni kukiweka kitanzi juu ya uzi mweupe wa mkononi, kuingiza kulabu ndogo kutoka juu, kuuvuta uzi mweupe upande juu, kuipitisha shato ndani yake, na kukaza. Wengi hukiita kiungo cha juu. Kimeshika vizuri, hakina ila ya uimara. Lakini ukikitazama kwa mbele utaona ule uzi wa kitanzi chekundu umelala juu ya miguu ya uzi mweupe, kwa sababu uzi mweupe ulitoka nyuma yake. Hilo ndilo doa. Kwenye ua lenye viungo kumi na viwili kuna madoa kumi na mawili, na jicho haliwezi kuyaepuka.

Dawa yake ni kuigeuza njia juu chini. Kitanzi chekundu kinawekwa nyuma ya uzi mweupe. Kulabu inaingizwa kutoka nyuma, na uzi mweupe unavutwa ushuke ndani ya kitanzi kuelekea mgongoni mwa kazi. Shato inapita, uzi unakazwa. Safari hii miguu ya uzi mweupe imebaki mbele, na wekundu wote umejificha nyuma yake. Doa halijafutika, limehamia mgongoni, mahali ambapo hakuna anayeangalia isipokuwa yule fundi wetu mwenye kugeuza. Hiki ni kiungo cha chini. Vidole hukiona kigumu mwanzoni, hasa pale kitanzi kinapokuwa kidogo, lakini ndicho kinachostahili kujifunzwa na kila anayechanganya rangi.

Bado kuna mtego. Katika tatingi kazi hugeuzwa mara kwa mara: pete hutengenezwa, kazi inageuzwa, upinde unafuata, inageuzwa tena. Maana yake, nusu ya maua mengi hutengenezwa huku mgongo ukimwangalia fundi. Kiungo cha chini kikifanywa wakati mgongo uko juu, doa litatokea mbele, mahali palepale lilipokatazwa. Kanuni basi ni hii: mbele ikiwa juu, tumia kiungo cha chini, mgongo ukiwa juu, tumia kiungo cha juu. Mafundi makini huenda mbali zaidi. Mgongo ukiwa juu huanza kila fundo kwa nusu ya pili badala ya ya kwanza, ili mafundo yote ya ua yaonyeshe uso mmoja. Kuna wanaoona huko ni kujisumbua. Mtu akitazama kazi ya rangi moja iliyotengenezwa kwa uzi mwembamba, huenda wakawa na haki. Kwenye uzi mnene wenye rangi zinazopingana, tofauti inaonekana waziwazi, na usumbufu huo una malipo yake.

Aina ya tatu ya kiungo inahitaji tahadhari ya pekee. Wakati mwingine fundi hauvuti uzi wa mkononi bali uzi wa shato, ule wa ndani, akaupitisha kwenye kitanzi na kuufunga. Kiungo hiki hukaza kama kufuli: mafundo yaliyotangulia hayatelezi tena. Hakifai ndani ya pete, maana pete haitafungika, lakini kwenye pinde ni hazina, kwani kila upinde hukaa katika mkunjo ulioupangia. Tatizo ni kwamba uzi uliofichwa umetolewa nje. Kama pinde ni nyeupe na ndani yake mna uzi wa bluu, kila kufuli litaonyesha alama ya bluu. Kuna njia mbili za kuokoka. Ya kwanza ni kuhakikisha kwamba katika mzunguko huo uzi wa shato na wa donge ni wa rangi moja. Ya pili, ambayo ina ustadi zaidi, ni kuchagua uzi wa ndani wenye rangi ileile ya kitanzi kinachoshikwa. Kufuli jekundu juu ya kitanzi chekundu linazama ndani yake na kuonekana kama sehemu ya pete.

Ukubwa wa kitanzi nao una neno. Kitanzi cha kupamba kinaweza kuwa kirefu apendavyo mtu. Kitanzi cha kuunganishia kinapaswa kuwa kifupi, cha kutosha tu kuingiza ncha ya kulabu, kwa sababu urefu wote unaozidi hugeuka kuwa uzi mtupu kati ya rangi mbili, na uzi mtupu ndio unaovuta jicho. Wengi hukata ukanda mwembamba wa karatasi ngumu, wa milimita tatu au nne, na kuuweka kati ya mafundo wakati wa kuacha nafasi, ili vitanzi vyote vilingane.

Baada ya kiungo huja suala la hesabu. Baadhi ya michoro huhesabu kiungo kuwa nusu ya kwanza ya fundo, fundi akamalizia nusu ya pili na kuendelea. Mingine haikihesabu kabisa. Njia zote mbili ni sahihi mradi mtu asizichanganye ndani ya ua moja, maana pete moja ikizidi nusu fundo, ua zima huanza kuinama upande.

Halafu kuna michezo ya kubadilisha rangi bila kukata uzi, na hapa ndipo tatingi inapopendeza kweli. Ya kwanza ni ya kitoto: uzi wa shato na uzi wa donge hufungwa mara moja tu, kama mtu anavyoanza kufunga kamba za viatu, navyo vimebadilishana nafasi. Upinde wa mwanzo ulikuwa mweupe wenye wekundu ndani. Unaofuata unaweza kuwa mwekundu wenye weupe ndani, mradi nyuzi zote mbili ziko kwenye shato.

Ya pili humwezesha fundi kupata pete nyeupe wakati shato yake ina uzi mwekundu. Huacha mkunjo mdogo wa uzi mwekundu mwanzoni, hutengeneza upinde mweupe juu ya uzi huo, kisha huipitisha shato ndani ya ule mkunjo na kuvuta. Upinde hujifunga kuwa duara, na macho hayaitambui kuwa si pete ya kawaida.

Ya tatu ni pete iliyogawanyika, inayotengenezwa kwa shato mbili. Nusu ya kwanza hutengenezwa kama kawaida kwa shato nyekundu. Kisha pete huzungushwa mkononi, na shato nyeupe hufunga mafundo upande wa pili wa duara lilelile, safari hii bila kupindua, kwa hiyo uzi mweupe ndio unaozunguka. Shato nyekundu ikivutwa, pete hufungika ikiwa nusu nyekundu na nusu nyeupe. Uzuri wake haukomei kwenye rangi. Nyuzi hizo mbili sasa zimefika upande wa pili wa pete, na fundi anaweza kupanda kutoka mzunguko wa ndani hadi wa nje bila kukata, bila kufunga fundo la mwisho na bila kuwa na ncha za kuficha. Ua lililohitaji kukatwa uzi mara tatu linamalizika kwa mara moja.

Ncha za uzi ni jaribio la mwisho la subira, na maua mengi mazuri huharibikia hapo. Fundo kubwa la kumalizia likikatwa karibu huchomoka baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Likiachwa na mkia, mkia unaonekana. Njia salama ya ncha ya mwanzo ni kuilaza pamoja na uzi wa ndani na kufunga mafundo matano au sita juu ya vyote viwili, ikafichika humo. Kwa ncha ya mwisho, ambayo hutokea mafundo yakiwa yameshakamilika, kuna ujanja wa uzi msaidizi. Kabla ya kutengeneza mafundo ya mwisho, uzi mwembamba wenye nguvu hukunjwa mara mbili na kulazwa ndani yake, mkunjo ukitokeza mbele na ncha zake nyuma. Kazi ikiisha, ncha ya uzi wa lesi huingizwa kwenye mkunjo, uzi msaidizi huvutwa kutoka nyuma, nao huiburura ncha ile ndani ya mafundo kama mkokoteni. Kinachobaki hukatwa. Sharti ni moja: ncha nyekundu ifichwe ndani ya mafundo mekundu na nyeupe ndani ya meupe. Uzi mwekundu uliolazwa ndani ya mafundo meupe huonekana kwa mbali kama mshipa, hasa kwenye uzi mwembamba.

Kuhusu uzi, namba yake huenda kinyume na matarajio. Namba 10 ni mnene, 20 ni wa kati, 40 na 80 ni mwembamba sana. Rangi mbili zinazotumika pamoja ziwe za namba moja, na ikiwezekana za mtengenezaji mmoja, maana namba 20 ya kampuni moja inaweza kuwa nene kuliko 20 ya nyingine, na ua likashindwa kulala sawasawa. Jaribio jingine halipaswi kurukwa. Nyekundu, buluu iliyoiva na nyeusi huchuja. Lowesha kipande cha uzi wa rangi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kifunge ndani ya kitambaa cheupe, kibane usiku kucha. Kitambaa kikiamka na waridi, uzi huo usikutane na mweupe katika kazi moja, hata kama viungo vyake vimetengenezwa na fundi hodari kuliko wote. Ua likikamilika hufuliwa, hunyooshwa kwa pini juu ya taulo, hutiwa wanga kidogo na kuachwa likauke.

Wafumaji wa kwetu wana karibu kila kitu kinachotakiwa: uzi wa pamba, kulabu ndogo, jicho lililozoea kuhesabu, na vidole vinavyojua kukaza kwa kiasi. Kilichopungua ni shato, na hiyo inaweza kukatwa kutoka kwenye plastiki ngumu ya kopo, ikasuguliwa kwa msasa mpaka isikwaruze uzi. Anayetaka kuanza achukue uzi wa namba 10 au 20, mwekundu kwenye shato na mweupe kwenye donge. Atengeneze pete ya mafundo matano, kitanzi, matano, kitanzi, matano, kitanzi, matano, aifunge. Ageuze, aweke upinde wa mafundo kumi na mawili wenye kitanzi katikati. Ageuze tena na kurudia, akiishika kila pete kwa jirani yake, mpaka pete sita zizunguke. Mzunguko wa nje autengeneze kwa nyuzi mbili nyekundu tupu, akiushika kwenye vitanzi vyeupe vya pinde, nusu yake kwa kiungo cha juu na nusu kwa kiungo cha chini. Kisha alitazame ua mbele na nyuma, aliandikie upande upi ni upi, na alihifadhi ndani ya kikapu cha kazi kama kielelezo cha kurejea kila atakapochanganya rangi.